Ramani za Kale za Las Vegas: Mji Uliokunywa Chemchemi Zake

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza swali moja darasani nikachekwa, lakini swali hilo lilinifikisha mbali, hata ng'ambo ya bahari bila kupanda ndege. Ndiyo sababu nimeshika kalamu niwaeleze wenzangu na walimu wetu yale niliyoyaona.

Ilikuwa hivi. Katika somo la Jiografia tuligawiwa ramani ya eneo letu yenye skeli ya 1:50,000, aina ile ile inayoletwa katika mtihani wa kitaifa. Tukaulizwa tutaje ushahidi kwamba eneo hili lina maji. Nikaona mstari wa bluu ukipita karibu na shule, nikaandika kwamba kuna kijito. Nikapata alama zangu zote. Lakini mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Mahali hapo pa bluu ninapavuka asubuhi na jioni, na viatu vyangu havijapata kulowa hata siku moja. Ni mchanga mtupu na karatasi za plastiki. Basi nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, ramani hii inasema uwongo." Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Soma pale chini pembeni. Imechapishwa lini?" Nikasoma: miaka ya 1970. "Basi haikusema uwongo," akasema. "Ilisema kweli ya mwaka wake. Sasa nenda ukatafute mahali penye ramani za miaka mingi, uje utueleze mstari wa bluu huenda wapi."

Nilitafuta, na nilipopata ni mji wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa taa na michezo ya kamari. Mimi nitawaeleza habari za maji yake, kama zinavyosomeka katika ramani.

RAMANI YA TOPOGRAFIA NI NINI?

Kwa wenzangu wa kidato cha kwanza ambao bado hawajaanza mada hii, nieleze kidogo. Ramani ya kawaida hukuonyesha barabara na miji. Ramani ya topografia huonyesha zaidi ya hayo: sura ya nchi yenyewe, yaani milima, mabonde, miteremko na tambarare. Karatasi ni bapa, sasa mlima utachorwaje? Hapa ndipo kontua zinapoingia. Kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ukiifuata kontua moja kwa miguu, hupandi wala hushuki hata hatua moja. Zikisongamana, jua hapo pana mteremko mkali. Zikiachana, hapo ni tambarare.

Rangi nazo zina kazi. Katika ramani za Marekani, kahawia ni ya kontua, bluu ni ya maji, kijani ni ya mimea, na nyeusi ni ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu kama vile reli na nyumba. Barabara kuu hutiwa nyekundu. Mji ukijaa nyumba hadi haziwezi kuchorwa moja moja, eneo lote hupakwa rangi ya waridi. Mto usiokauka huchorwa kwa mstari mzima wa bluu. Mto wa msimu huchorwa kwa mstari uliokatika katika na kutiwa nukta. Tofauti hiyo ndogo ya kalamu ni kubwa kwa mtu mwenye ng'ombe!

Shirika linalotengeneza ramani hizo huitwa United States Geological Survey, na kwa kifupi USGS. Liliundwa mwaka wa 1879. Wapimaji wake wa kwanza walisafiri kwa farasi na nyumbu. Walibeba meza ndogo ya miguu mitatu na chombo cha kuchungulia vilele, wakachora kontua pale pale juani huku wakiutazama mlima wenyewe. Baadaye picha zilizopigwa kutoka angani zikarahisisha kazi. Siku hizi shirika hilo limeweka ramani zake za kale katika intaneti, zaidi ya 178,000, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo. Mimi nilizitazama kwa kompyuta ya shule.

MAJI KATIKATI YA JANGWA

Las Vegas iko katika jangwa la Mojave. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Wenzangu wanaotoka sehemu kavu za nchi yetu wataelewa kwamba hiyo si mvua, ni manyunyu. Kwa nini basi watu wakakaa huko?

Jibu liko katika jina. Las Vegas ni Kihispania, na maana yake ni mbuga za majani. Upande wa magharibi wa bonde imesimama milima ya Spring, ambayo kilele chake, Charleston, kina kimo cha mita 3,632. Theluji ya mlimani huyeyuka, maji yakazama ardhini, yakatembea chini kwa chini, kisha yakaibuka katikati ya bonde kama chemchemi. Watu wa jamii ya Paiute waliishi kwa chemchemi hizo tangu zamani. Mwaka wa 1844 msafiri mmoja wa serikali, John Frémont, alipiga kambi hapo, na jina la Las Vegas likaingia katika ramani yake. Mwaka wa 1855 Wamormoni wakajenga ngome ya udongo kando ya kijito kilichotoka chemchemini.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya garimoshi. Magarimoshi ya mvuke yalikunywa maji kama ng'ombe wa safari, na kati ya Salt Lake City na Los Angeles hapakuwa na mahali pazuri kuliko hapo. Tarehe 15 Mei 1905 kampuni ya reli ilianza kuuza viwanja kwa mnada, na mji ukaanza.

Sasa tufungue ramani ya kwanza, iliyochapishwa mwaka wa 1908 kwa skeli ya 1:250,000. Sentimita moja katika karatasi ni kilomita 2 na nusu katika ardhi. Reli inapita bondeni, na jina Las Vegas limeandikwa kando yake. Pande zote ni kontua za kahawia na nafasi tupu. Ukiweka ncha ya kidole juu ya mji wenyewe, umeufunika wote. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1910, hata watu 1,000 hawakufika mjini humo.

KINACHOPOTEA KATIKA SKELI

Hapa nataka tusimame kidogo. Ramani haisemi uwongo, ndiyo, lakini haisemi yote pia. Baada ya mji kujengwa, watu wa Paiute walibaki bila mahali pao. Mwaka wa 1911 mama mmoja mwenye shamba, Helen Stewart, aliikabidhi serikali ekari 10 ili wakae hapo. Hesabu nawe, msomaji. Ekari 10 ni kama mraba wenye upande wa mita 200. Katika skeli ya 1:250,000 upande huo unakuwa milimita 0.8. Ni ncha ya kalamu! Watu waliokuwa na bonde zima wamebaki nukta ambayo mchoraji anaweza kuiruka bila kosa lolote. Katika skeli ya 1:24,000, ambayo sentimita moja ni mita 240, upande ule ule unakuwa milimita 8 na kidogo. Hapo sasa wanaweza kuonekana.

Kwa hiyo skeli si hesabu ya kutusumbua tu darasani. Skeli huamua nani ataonekana na nani hataonekana. Mimi nilikuwa nikiidharau, lakini tangu nilipopiga hesabu hiyo nimeiheshimu.

MJI ULIOONDOLEWA NA MSTARI, UKAZAMISHWA NA KONTUA

Kaskazini mashariki ya Las Vegas palikuwa na mji mdogo ulioitwa St. Thomas, mahali Mto Muddy ulipokutana na Mto Virgin. Karatasi moja ya ramani ya miaka ya 1880 ilipewa jina la mji huo, maana desturi ya wachoraji ni kuita karatasi kwa mahali panapojulikana zaidi ndani yake. Wakati huo Las Vegas ilikuwa ni shamba na chemchemi tu.

St. Thomas ulianzishwa na Wamormoni mwaka wa 1865. Walichimba mifereji, wakalima. Walidhani wako nje ya Nevada. Mwishoni mwa mwaka wa 1870 wapimaji walipitisha mpaka kwa vyombo vyao, na kumbe mji ulikuwa ndani ya Nevada! Serikali ya Nevada ikawadai kodi za miaka iliyopita, tena zilipwe kwa sarafu za dhahabu au fedha. Wakulima hao hawakuwa na sarafu. Mwaka wa 1871 karibu wote wakafunga mizigo, wakaacha nyumba na mashamba. Hakuna aliyekuja na bunduki. Ulikuja mstari tu. Baada ya miaka kadhaa watu wengine walirudi, na mji ukafufuka.

Kisha ikaja habari ya bwawa. Mwaka wa 1923 kundi la wapimaji wa USGS likiongozwa na Claude Birdseye liliteremka Mto Colorado kwa mashua. Lilipima vimo vya mto na kingo zake ili kuona wapi panafaa kujengwa mabwawa. Mwaka wa 1931 ujenzi wa bwawa la Hoover ukaanza, na tarehe 30 Septemba 1935 Rais Roosevelt akalizindua. Ukuta wake una kimo cha mita 221. Nyuma yake likaanza kujaa ziwa lililoitwa Mead.

Hebu jaribu zoezi hili. Chukua ramani ya bonde hilo iliyochorwa kabla ya bwawa. Tafuta kimo cha kama futi 1,200 (Wamarekani hupima kwa futi, na hiyo ni kama mita 366), kisha ufuate kimo hicho kwa kalamu ya bluu, ingia kila korongo na utoke. Ukimaliza, utakuwa umechora ziwa kabla halijawepo. Ndivyo wahandisi walivyofanya. Kwa kontua peke yake walijua ni nyumba ya nani itazama na ni ya nani itabaki pwani, hata kabla ya tone la kwanza kuzuiwa.

St. Thomas ulikuwa chini ya mstari huo. Serikali ikanunua nyumba na mashamba, na makaburi yakahamishwa hadi mahali pa juu. Wako waliokataa kuamini kwamba maji yatafika. Mkazi wa mwisho, Hugh Lord, aliondoka kwa mashua mwezi wa Juni mwaka wa 1938, maji yakiwa yamefika nyumbani kwake. Nilipofika hapa niliwaza: mzee huyo aliuamini mlango wake kuliko kontua. Mimi pia labda ningefanya hivyo. Nani aamini kwamba mstari mwembamba wa kahawia unaweza kumfukuza kitandani?

RANGI YA ZAMBARAU

Baada ya bwawa, mji wa Las Vegas ulikua kwa kasi. Kamari ilikuwa imehalalishwa mwaka wa 1931. Mwaka wa 1930 mji ulikuwa na watu 5,165. Mwaka wa 1950 walikuwa 24,624, mwaka wa 1960 wakawa 64,405, na mwaka wa 1970 wakafika 125,787. Si mchezo!

Ramani nazo zilibadilika. Katika miaka ya 1950 zilichapishwa za skeli ya 1:62,500, na sasa mji unahitaji kiganja kizima kuufunika, wala si kidole. Mwaka wa 1967 zikaja za 1:24,000, na mji ukawa mkubwa hata ukagawanywa katika karatasi nne: kaskazini magharibi, kaskazini mashariki, kusini magharibi na kusini mashariki.

Lakini mji haukungoja wachoraji. Kila karatasi ilipotoka kiwandani ilikuwa imeshapitwa na wakati. Ndipo USGS wakatumia njia ya mkato. Walipiga picha kutoka angani, wakatazama kilichoongezeka, wakakichapa juu ya ramani ya zamani kwa rangi ya zambarau, bila kurudi kupima ardhini. Kwa hiyo mtu akiona zambarau anajua: hiki ni kipya, na hakuna aliyekwenda kukihakikisha kwa miguu. Katika karatasi za Las Vegas za miaka ya 1970 na 1980, zambarau imemwagika kama wino uliopinduka dawatini. Barabara, mitaa, shule, vyote zambarau, vikila jangwa pande zote.

Mimi niliipenda sana rangi hiyo. Ni kama mchoraji anakuambia wazi, "Hapa sijafika mwenyewe." Laiti kila mtu angekuwa mkweli hivyo!

BLUU INAPOKAUKA

Sasa nifike kwenye swali la mwalimu. Mstari wa bluu huenda wapi?

Mji uliozaliwa na chemchemi ulichimba visima kuongeza maji. Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi mno: ukitoboa ardhi, maji yanaruka yenyewe bila pampu, maana yalikuwa yamebanwa chini. Watu wakaona hayataisha. Visima vingine viliachwa vikibubujika ovyo usiku na mchana. Kadiri mji ulivyokua, yaliyovutwa yalizidi yale ambayo theluji ya mlimani iliweza kurudisha. Ni kama mkoba wa mzazi: ukichota kila siku zaidi ya mshahara, siku moja utaingiza mkono utoke mtupu. Mwaka wa 1962 chemchemi za Las Vegas ziliacha kutoa maji. Zile zile zilizouvuta mji, zile zile zilizoupa jina.

Ramani haikupiga kelele. Hakuna alama katika ufunguo inayosema hapa pamekufa kitu. Karatasi ya mwaka mmoja ina bluu, na ya baadaye haina. Ukitazama moja peke yake hutajua lolote. Ni lazima uziweke mbili pamoja.

Tena mambo hayakuishia hapo. Chini ya bonde kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi, na maji yaliyokuwa katikati ya chembe zake yaliusaidia udongo kubeba mzigo wa juu. Maji yalipovutwa, udongo ukajibana kama sifongo lililokamuliwa, na ardhi ya juu ikadidimia. Sehemu nyingine za bonde zilishuka futi 5 na zaidi, yaani mita 1 na nusu hivi. Mabomba ya visima, ambayo yalipochimbwa yalikuwa sawa na ardhi, yakabaki yamening'inia juu kama miguu ya korongo, kwa sababu ardhi imeyakimbia. Katika mtaa wa Windsor Park, huko North Las Vegas, nyumba zilizojengwa miaka ya 1960 zilipasuka kuta na misingi. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa Wamarekani weusi walionunua kwa jasho lao, nyakati ambazo mitaa mingine iliwafungia milango.

Fikiria sasa maana yake katika ramani. Kontua husema, mahali hapa ni futi kadhaa kutoka usawa wa bahari. Mtu wa zamani aliipima kwa uangalifu, akaandika kweli. Kisha ardhi yenyewe ikashuka chini ya kontua yake! Nilizoea kufikiri kwamba mito hubadilika na miji hubadilika, lakini vimo ni vya milele. Kumbe hata vimo vina mwaka wake.

Kuanzia mwaka wa 1971 mfumo mkubwa wa mabomba ulianza kuleta mjini maji ya Ziwa Mead. Baadaye, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaanza hata kurudisha maji ardhini kupitia visima nyakati za baridi, na kudidimia kukapungua. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini udongo uliojibana haufumuki tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakivutwa vilevile.

ONYO LA MZEE POWELL

Mkuu wa pili wa USGS aliitwa John Wesley Powell, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa na mkono mmoja. Mwaka wa 1869 aliteremka Mto Colorado kwa mashua, na safari yake ikaishia mdomoni mwa Mto Virgin, karibu na St. Thomas. Yeye ndiye aliyeisukuma serikali ichore ramani za topografia za nchi nzima. Mwaka wa 1893, katika mkutano wa kilimo cha umwagiliaji huko Los Angeles, aliwaambia wajumbe kwamba maji ya nchi za magharibi hayatatosha ardhi yote wanayotaka kulima. Wakamzomea. Mtu aliyejua mito hiyo kuliko wote akazomewa na watu waliotaka kuuza mashamba.

Ziwa Mead limemjibu badala yake. Mwanzoni mwa mwaka wa 2000 maji yake yalikuwa kwenye kimo cha kama futi 1,214. Mwezi wa Julai mwaka wa 2022 yalikuwa yameshuka hadi kama futi 1,040. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita 50, na kimo kama hicho hakikuwa kimeonekana tangu ziwa lilipokuwa likijaa mara ya kwanza katika miaka ya 1930. Miamba iliyokuwa majini ikabaki na mkanda mweupe wa chumvichumvi kuzunguka ziwa lote, kama kontua iliyochorwa na maji yenyewe. Na mji wa St. Thomas? Misingi yake, ngazi zake na mashina ya miti yake vimekuwa vikionekana tena juani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wageni huenda kutembea katika barabara zake. Mwenye ramani ya zamani anaweza kuitumia tena.

Watu wa Las Vegas hawakukaa mikono mitupu. Mwaka wa 2015 walimaliza bomba la tatu linalochota maji karibu kabisa na sakafu ya ziwa. Maji yanayotumika ndani ya nyumba husafishwa na kurudishwa ziwani. Mwaka wa 2021 jimbo lilipitisha sheria ya kuondoa nyasi za pambo ambazo hakuna anayezitumia. Mji ulioitwa mbuga za majani unang'oa majani! Sikuandika haya kuwacheka. Nimeyaandika kwa sababu wao walau wanajua walichopoteza, maana wana karatasi za zaidi ya miaka 100 za kuwaonyesha.

KIJITO CHETU

Nilipomaliza kusoma haya nilimwendea nyanya. Nikamwonyesha ramani ya darasani, nikamwekea kidole juu ya mstari wa bluu. Hajui kusoma ramani, lakini nilipomtajia mahali penyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo ndipo tulipokuwa tukichota maji nikiwa msichana. Palikuwa na miti mikubwa, hata mchana unaona giza." Nikamwuliza maji yalikwenda wapi. Akasema, "Tulikata miti kidogo kidogo, kila mtu kidogo. Hakuna aliyeona siku yalipokwisha."

Mwalimu wangu, nadhani hilo ndilo jibu. Mstari wa bluu hauendi mahali. Huondoka kidogo kidogo, na anayeishi kando yake haoni, kwa sababu anauona kila siku. Ramani ya zamani na nyanya wangu wanasema jambo moja.

Basi, wenzangu, mnapogawiwa ramani msikimbilie kuhesabu kontua tu. Kwanza soma mwaka. Pili, uliza ni nani aliye mdogo mno kuonekana katika skeli hiyo. Tatu, toka nje uone kama bado ni kweli. Karatasi za ramani za zamani ambazo huchanwa kufungia vitabu jalada, ziwekeni. Chama chetu cha Kiswahili kingeweza kuanza kazi moja: kila mwanachama amwulize mzee wake mahali maji yalipokuwa, tuyaandike na kuyachora kabla wazee hawajatuacha. Tukitumia rangi, mimi napendekeza zambarau, ili watakaokuja baada yetu wajue kwamba sisi pia hatukuyaona, tuliambiwa.

Mimi nitaanza na kijito changu. Nimeshapima kwa hatua: kutoka daraja hadi palipokuwa na miti ya nyanya ni hatua 340. Katika skeli ya 1:50,000 hiyo ni nusu sentimita tu na ushei.